Somo la 9: Mnyama Akivuka Mpaka

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kum. 19:14, Mit. 23:10, 11, Kut. 21:33–36, 22:5, 6, Law. 6:1–7, Mt. 5:23, 24, 18:15–17, 1 Kor. 6:1–8, Mwa. 13:5–12; 26:17–22.

Fungu la Kukariri: Warumi 12:18. Lisome katika Biblia yako na ulikariri. Paulo anawataka waumini waishi kwa amani na kila mtu, kadiri jambo hilo linavyowategemea wao.

Mfano ufuatao haumhusu mtu fulani, lakini katika vijiji vya Ngara na Biharamulo wengi watautambua. Ni mwezi wa Julai, nyasi zimekauka. Sabato asubuhi mzee wa kanisa anakwenda ibadani na kuwaacha ng'ombe wake chini ya mtoto wa miaka kumi. Mpakani, kwenye ua wa minyaa, kuna pengo ambalo kila mtu analijua. Upande wa pili ni nusu ekari ya mihogo ya mjane. Naye mjane yuko kanisani, benchi la tatu. Saa saba mchana anaporudi nyumbani anakuta mashina 70 yameliwa na kukanyagwa. Hiyo ndiyo mihogo iliyokuwa ya kuwalisha wanawe mpaka maharage yakomae.

Jioni mzee anapita na kusema, "Pole mama, wanyama hawana akili. Tusameheane katika Bwana." Mjane anajibu, "Asante, mzee." Hakuna linalosemwa zaidi. Majuma matatu baadaye ni Sabato ya Meza ya Bwana. Mke wa mzee anachukua beseni na kumwendea mjane ili amtawadhe miguu. Mjane anainuka na kutoka nje.

Juma hili tunachunguza kile Biblia inachodai pale mali ya jirani inapoharibiwa mpakani. Je, neno "tusameheane" lilitosha? Kama halikutosha, ni nini kilichokosekana?

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa Sabato ijayo.

JUMAPILI

Jiwe la Mpaka

Soma Kumbukumbu la Torati 19:14 na Mithali 23:10, 11. Kwa nini Mungu alitoa amri juu ya mpaka wa shamba, na ni nani anayetajwa kuwa chini ya ulinzi wake?

Katika Israeli kila familia ilipokea urithi wake wa ardhi. Mpaka ulionyeshwa kwa jiwe, na jiwe ni kitu ambacho mtu mwenye nguvu anaweza kulisogeza usiku hatua mbili. Kwa hiyo Musa alikataza jambo hilo, na katika Kumbukumbu 27:17 taifa lote lilipaswa kuitikia "Amina" juu ya laana ya mwenye kulifanya. Mithali inaongeza kwamba mashamba ya yatima yasiingiliwe, kwa kuwa wanaye Mtetezi mwenye nguvu. Ambaye hana mtu wa kumsemea anasemewa na Mungu mwenyewe.

Katika vijiji vyetu mawe ya mpaka ni machache. Mpaka huwa ni mstari wa minyaa, safu ya migomba, njia ya miguu au mfereji wa maji ya mvua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Lakini hata mwenye hati hutegemea kila siku jambo moja lililo rahisi kuliko karatasi, yaani jirani anayeuheshimu mstari ule.

Wachaga wa Kilimanjaro wana desturi inayofundisha jambo hili vizuri. Mmea uitwao isale hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba. Mmea huo huo ndio mtu aliyekosa huupeleka kwa aliyemkosea anapotaka kuomba msamaha. Wazee waliona kwamba mpaka na upatanisho ni mambo yanayokwenda pamoja. Mahali ambapo mpaka hauheshimiwi, hata maneno ya amani huwa mepesi.

Turudi kwenye pengo la ua. Mzee alilijua, na mjane alilijua. Kila mmoja alimngojea mwenzake aanze kuziba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ugomvi mwingi wa mpakani huanza miezi mingi kabla ya siku ya uharibifu, katika kazi ndogo ambayo hakuna aliyeifanya.

Tafakari: Je, kuna pengo kati ya shamba lako na la jirani yako ambalo unalijua sasa hivi? Ni lini utamwita mkalizibe pamoja?

JUMATATU

Kilicho Bora cha Shamba Lake

Soma Kutoka 21:33–36 na 22:5, 6. Orodhesha aina nne za uharibifu zinazotajwa. Katika kila moja, nani analipa, na analipa nini?

Sheria hizi zilitolewa muda mfupi baada ya Amri Kumi, kwa watu waliokuwa na mifugo na waliokuwa wakielekea kulima. Zinataja shimo lililoachwa wazi, ng'ombe aliyemuua ng'ombe mwingine, mnyama aliyelisha katika shamba la mtu, na moto uliotoroka ukateketeza nafaka. Wakulima na wafugaji wa Kagera hawahitaji kuelezwa maana yake. Kila kiangazi mtu husafisha shamba kwa moto, upepo ukageuka, na migomba ya jirani ikaungua.

Angalia mambo matatu. Kwanza, sheria haiulizi kama mwenye mnyama alikuwa na nia mbaya. Aliyewasha moto hakukusudia kuunguza nafaka ya mwenzake, lakini analipa, kwa sababu moto ni wake. "Wanyama hawana akili" ni neno la kweli. Ndiyo maana Mungu alimdai yule mwenye akili.

Pili, sheria inatofautisha ajali na uzembe. Ng'ombe asiye na historia ya kupiga akimuua mwenzake, hasara inagawanywa kati ya wenye ng'ombe wote wawili. Lakini akiwa alijulikana kuwa na tabia hiyo na mwenyewe hakumzuia, mwenyewe anabeba hasara yote. Mzee wetu alilijua pengo, na aliwaacha ng'ombe mikononi mwa mtoto.

Tatu, malipo ya shamba lililoliwa yanatoka katika sehemu iliyo bora ya shamba la mlipaji. Hapa ndipo moyo hupimwa. Ni rahisi kumpelekea jirani mahindi yaliyotobolewa na wadudu na kuhesabu kwamba deni limekwisha. Mungu alitaka aliyepoteza apokee kitu ambacho mlipaji mwenyewe angependa kubaki nacho.

Wafugaji wanazo shida za kweli. Malisho yamepungua. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na mifugo haina ruhusa humo. Mkulima Mkristo anapaswa kuijua shida hiyo na kuwa na huruma. Lakini shida ya mfugaji haiwezi kulipwa kwa mihogo ya mjane. Sababu inaeleza jinsi uharibifu ulivyotokea, haifuti deni.

Tafakari: Mara ya mwisho mnyama, moto au maji kutoka kwako yalipomdhuru jirani, ulianza kwa kueleza sababu au kwa kuuliza hasara ni kiasi gani?

JUMANNE

Kabla ya Madhabahu

Soma Mambo ya Walawi 6:1–7 na Mathayo 5:23, 24. Katika mafungu yote mawili, ni jambo gani linalotangulia sadaka?

Sheria ya Walawi inamhusu mtu aliyemdhulumu mwenzake kisha akakana, hata kwa kuapa. Anapotambua kosa lake, anarudisha mali yenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Tuseme hasara ilikuwa shilingi 100,000. Aliyekana angerudisha 100,000 na nyongeza ya 20,000, jumla shilingi 120,000. Baada ya hapo ndipo analeta sadaka ya hatia kwa kuhani. Mwenzake analipwa kwanza, kisha madhabahu.

Yesu alifuata utaratibu huo huo. Mtu amefika na sadaka yake, anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Hakuambiwa amwombee ndugu huyo kimoyomoyo na kuendelea na ibada. Aliambiwa aiache sadaka pale pale, aende, apatane naye, kisha arudi. Angalia pia kwamba anayetakiwa kwenda ni yule anayedaiwa. Mjane hakuwa na wajibu wa kumfuata mzee ili akumbushwe.

Zakayo alilielewa jambo hili (Luka 19:8). Wokovu ulipoingia nyumbani mwake, alianza kuhesabu fedha za kurudisha, na hakuna aliyemwambia kwamba anajaribu kununua neema. Damu ya Kristo ndiyo inayosafisha dhambi. Lakini mtu aliyesafishwa hawezi kuendelea kula chakula cha mwingine huku akiimba nyimbo za msamaha.

Hapa ndipo kosa la mzee lilipokuwa. Aliomba kitu kitakatifu, yaani msamaha, ili akwepe kitu cha kawaida, yaani malipo. Tena aliomba akiwa na cheo. Mjane angejibuje? Kama angetaja mihogo, angeonekana mtu asiyesamehe. Kwa hiyo alinyamaza, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa amani. Ukimya huo ulivunjika siku ya beseni.

Aliyeharibiwa naye ana jaribu lake. Mashina 70 yasigeuke 150 yanapofika mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kuongeza hasara ni wizi wa jirani sawasawa na kuiba mihogo yake. Amri ya nane inasimama pande zote mbili za ua.

Tafakari: Je, kuna mtu ambaye amenyamaza kwa sababu ya umri wako, cheo chako au mali yako? Utajuaje kama kweli amesamehe?

JUMATANO

Nenda Kwake Kwanza

Soma Mathayo 18:15–17 na 1 Wakorintho 6:1–8. Ni hatua gani Yesu anaziweka, na Paulo anawakemea Wakorintho kwa lipi?

Hatua ya kwanza ni watu wawili peke yao. Ya pili ni kuongeza mtu mmoja au wawili. Ya tatu ni kanisa. Mara nyingi utaratibu huu hugeuzwa: jambo huanzia kisimani, linafika sokoni, linaombewa kwenye kikundi, na mhusika ndiye wa mwisho kulisikia.

Siku ya uharibifu hasira huwa kali, na panga liko karibu. Mambo machache husaidia. Usimjeruhi mnyama, ng'ombe aliyekatwa anageuza mdai kuwa mdaiwa. Mwite mwenye mnyama aje aone wakati nyayo zingali mbichi. Hesabuni mashina pamoja, shahidi akiwepo. Mkitofautiana juu ya thamani, afisa ugani wa kata anaweza kufanya tathmini. Mkikubaliana, andikeni kiasi, namna ya kulipa na tarehe, kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, kama jirani si mshiriki wa kanisa? Paulo aliandika juu ya ndugu waliopelekana kwa mahakimu wasioamini. Hakukataza kutumia vyombo halali vya usuluhishi pamoja na jirani asiye wa imani yetu. Katika Tanzania vyombo hivyo viko karibu. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu wao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha migogoro ya ardhi kama ile ya mipaka. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo halitoi hukumu katika mgogoro wa ardhi. Linapatanisha, na limepewa siku 30. Likishindwa, ndipo shauri linapoweza kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria ya nchi yenyewe inataka majirani wakae chini kwanza.

Lakini fungu la Paulo lisitumiwe kumziba mdomo aliyedhulumiwa. Katika 1 Wakorintho 6:8 lawama inamwangukia anayewadhulumu ndugu zake. Kanisa linalomkataza mjane kwenda barazani lina wajibu wa kumpa haki yake lenyewe, upesi na bila upendeleo. Na mtu akipigwa au kujeruhiwa, hilo si jambo la wazee wa kanisa kulimaliza kimya kimya. Lina mamlaka yake.

Katika mfano wetu, shemasi mwanamke alimtembelea mjane na kumsikiliza. Kisha walikwenda wote wawili kwa mzee. Mjane alisema maneno machache: "Mzee, nilikwambia asante. Lakini watoto wanakula mara moja kwa siku." Mzee aliinama muda mrefu bila kusema neno.

Tafakari: Kwa nini ni rahisi zaidi kuwaambia watu kumi habari za jirani kuliko kumwambia jirani mwenyewe?

ALHAMISI

Visima vya Isaka

Soma Mwanzo 13:5–12 na 26:17–22. Abramu na Isaka waliachilia nini? Nani aliwaomba waachilie?

Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana kwa sababu nchi haikuwatosha kwa malisho. Abramu alikuwa mkubwa, angeweza kuchagua kwanza. Alimwachia Lutu achague. Isaka alichimba kisima katika bonde la Gerari, wachungaji wa huko wakadai maji ni yao. Akakiita Eseki, akaenda. Kisima cha pili nacho kikagombaniwa, akakiita Sitna. Cha tatu hakuna aliyekigombania, akakiita Rehobothi, kwa kuwa Bwana amewapa nafasi.

Mafungu haya hufundishwa mara nyingi ili kumwambia aliyeumizwa: achilia tu. Yasome tena polepole. Abramu, mwenye haki ya kuchagua, ndiye aliyejitolea. Lutu hakumwambia, "Baba mdogo, kama unampenda Mungu, niachie." Kuachilia haki yako ni zawadi, na zawadi hutolewa na mwenye mali. Mdaiwa akiidai kutoka kwa anayemdai, haiwi tena zawadi.

Watu wa Ngara wanajua gharama ya kuwapa wengine nafasi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kujaa katika eneo la Benaco. Walihitaji kuni, maji na mahali pa kulala. Miti ilikatwa, mashamba yaliguswa. Wenyeji walibeba hasara ambayo wengi wao hawakulipwa. Wapo waliouzika uchungu, wapo waliotoa chakula na pa kulala. Hakuna mwenye haki ya kuwaambia kwamba hasara ile ilikuwa kitu kidogo. Waliotoa kwa hiari walitoa kitu cha thamani, na Mungu anakijua.

Turudi kwa mzee na mjane. Jumapili asubuhi mzee alikuja na mwanawe na magunia matatu ya mahindi, yale aliyokuwa ameyachagua kwa ajili ya mbegu na chakula cha nyumbani kwake. Alileta pia vipando vya mihogo. Alisema, "Mama, nilikuomba msamaha kabla ya kulipa deni. Hayo yalikuwa makosa mawili." Mjane aliyatazama magunia. Kisha alisema, "Mawili yanatosha, mzee. Hili rudisha, nanyi mna watoto." Siku hiyo walikata minyaa na kulipanda pengo pamoja.

Gunia lile la tatu ndilo lililokuwa msamaha. Liliwezekana kwa sababu kwanza deni lilikubaliwa lote.

Tafakari: Je, kuna haki ambayo Mungu anakuita uiachilie kwa hiari? Na je, kuna deni ambalo umekuwa ukiliita "msamaha"?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Yohana 13:1–17 na Filemoni 17–19. Katika kitabu cha Tumaini la Vizazi Vyote, Ellen G. White anaeleza jinsi Yesu alivyowatawadha wanafunzi wake miguu, na jinsi huduma hiyo ilivyowekwa ili kuwa wakati wa kuondoa tofauti kati ya ndugu na ndugu.

Huduma ya unyenyekevu huja mara moja kwa robo katika makanisa mengi. Kwa hiyo mara nne kwa mwaka beseni linatuuliza swali moja: ni nani ambaye huwezi kuinama mbele yake, au asiyeweza kukuruhusu uiname? Swali hilo halijibiwi ndani ya chumba cha kutawadhana. Hujibiwa kabla yake, shambani, kwenye ua, mbele ya magunia.

Paulo alipomwombea Onesimo kwa Filemoni, alijua kwamba palikuwa na uwezekano wa deni. Hakusema lisahauliwe. Alisema liandikwe juu yake, yeye atalipa. Kristo naye hakulifuta deni letu kwa neno jepesi. Alililipa kwa kilicho bora alichokuwa nacho. Aliyepokea malipo ya namna hiyo ataonaje vigumu kulipa mashina 70 ya mihogo?

Robo iliyofuata, mke wa mzee hakuinuka kwanza. Mjane ndiye aliyechukua beseni.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasani, linganisheni Kutoka 22:5 na namna malipo ya mazao yanavyofanyika kijijini kwenu. Ni wapi desturi ya kijiji inakaribiana na Maandiko, na ni wapi inaachana nayo?

2. Mshiriki mmoja anasema, "Mkristo wa kweli hadai fidia." Mwingine anasema, "Asiyelipa fidia si Mkristo wa kweli." Mngewajibuje wote wawili kwa Biblia?

3. Kanisa lenu lifanye nini ili mjane, kijana au mgeni aweze kumwendea mshiriki mwenye cheo bila hofu? Taja jambo moja linaloweza kuanza mwezi huu.

4. Kiangazi kinapokaribia, ni hatua gani majirani wa mpakani, waumini na wasio waumini, wanaweza kukubaliana mapema juu ya moto, mifugo na ua?

5. Kabla ya Sabato ya Meza ya Bwana ijayo, kila mmoja ajiulize kimya: kuna deni la mpakani ambalo sijalilipa? Kama lipo, usingoje mpaka siku ya beseni.